Nionjee Mvinyo Huu

Naivasha
Jumamosi, 15 Machi 2025

Kwako mama, Njoki,

Nakuita mama kama kawaida, maana jina ulilo nalo ni la mama yangu. Mimi ni mzima isipokuwa sauti, na hiyo tuliiacha hospitalini mwaka jana. Ndiyo maana naandika. Simu uliyoninunulia ina vitufe vya watu wenye vidole vya watoto. Nikimaliza kubonyeza sentensi moja nimeshasahau ya pili. Barua hii inakuja na gari la vifurushi pamoja na boksi. Libebe likiwa limelala. Usilisimamishe hata kwenye ngazi za huko kwenu Pipeline.

Ndani kuna chupa isiyo na karatasi ya jina. Ni mvinyo mwekundu wa shambani kwetu, mavuno ya mwaka 2010, na ndiyo ya mwisho. Mizabibu iling'olewa, wewe mwenyewe uliona. Nilipokuwa nikipogoa sasa pana mahema ya plastiki ya waridi. Chupa hii imelala chini ya kitanda changu, ndani ya vumbi la mbao, tangu siku nilipopewa.

Daktari amenikataza pombe. Nataka uifungue wewe, unionjee, kisha uniandikie. Pua yako naijua. Kabla hujajua kusoma ulikuwa unaniambia nimepita wapi kwa kunusa koti langu.

Fungua mchana, penye mwanga wa jua. Sabuni isiwe karibu, wala kitunguu. Huu ni mvinyo mwepesi: ukiushika mbele ya ukurasa wa daftari utaiona mistari kupitia kwenye glasi. Mwepesi ukizeeka huwa kama mgonjwa aliyepata nafuu ya siku moja. Anaketi, anakuamkia vizuri, halafu kabla hujamaliza chai ameshachoka. Kwa hiyo nusa mara tu unapomimina, ngoja kidogo, nusa tena, ndipo unywe. Usitafute maneno ya watu wa mvinyo. Andika vitu unavyovijua.

Ukipata siki, andika siki.

Baba yako,
Ndung'u


Pipeline, Embakasi
Jumapili, 23 Machi 2025

Kwako Baba,

Boksi limefika likiwa limelala. Yule kijana wa vifurushi aliniuliza kama nimebeba mgonjwa, na nikamwambia karibu.

Nimeliweka chini ya kitanda, upande wa ukutani. Baba, sijaifungua. Tumbo limekuwa likinisumbua wiki hizi, chakula hakikai vizuri, na sikutaka kuupa mvinyo wako mdomo mbaya. Halafu kuna hilo la mwanga. Nyumba yangu iko ghorofa ya tano, dirisha linatazama dirisha la jengo la pili, na tunawasha taa saa sita mchana. Mahali pekee penye jua ni paani, na paani ni kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Harufu ya sabuni ya huko unaweza kuikata kwa kisu. Nitasubiri Pasaka. Siku hiyo watu wengi watakuwa kanisani au makwao, na kamba zitakuwa tupu.

Kazi Kariokor inaendelea. Sasa nashona kanda za ndara za ngozi tu, zile za matairi nimewaachia wenye mikono mipana.

Niambie jambo moja. Kwa nini huo wa 2010? Mliweka mvinyo mwingi pale, na ninakumbuka watu wakisifu miaka mingine.

Mwanao,
Njoki


Naivasha
Jumatano, 2 Aprili 2025

Kwako mama,

Pole kwa tumbo. Kunywa uji wa wimbi, usiweke maziwa.

Umeuliza, nami nitajibu. Mwaka ule meneja alikwenda kwao ng'ambo kutibiwa moyo, akaniachia funguo. Alisema zabibu za mteremko wa chini zisiguswe mpaka arudi. Nilikuwa nazionja kila asubuhi. Sukari ilikuwa bado, lakini mawingu yalikuwa yanajaa juu ya Mau, na zabibu zikinyeshewa wakati ule hupasuka na kuoza zikiwa mtini. Niliamua. Niliwaita watu tukachuma. Mama yako alikuwa hai, na wiki ile alifanya kazi kuliko sisi sote.

Meneja aliporudi alichota kidogo kutoka kwenye pipa, akanusa kwa muda mrefu, akaonja, akatema. "Ndung'u," akasema, "umenitengenezea maji mekundu. Haya hayatamaliza miaka miwili." Hakunifukuza. Alikuwa mtu mwema, na kazi aliijua, ndiyo maana neno lake limekaa nami. Angekuwa mjinga ningelisahau jioni ileile.

Mvinyo ule haukupewa jina. Ulikwenda kwenye hoteli za barabarani ukaisha. Mimi niliomba chupa moja. Meneja alishafariki, na wale waliochuma wametawanyika. Anayeweza kunijibu kama niliamua vizuri ni chupa hiyo, nayo hujibu mara moja tu. Ikishafunguliwa, kesho yake haina neno.

Basi Pasaka ni sawa. Usipitishe hapo.

Yule kijana fundi wa kuchomelea, Wachira, bado mnajuana? Kama mnajuana, mbona wazee wake siwaoni?

Baba yako,
Ndung'u


Pipeline, Embakasi
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Kwako Baba,

Imefunguliwa. Jana, saa tisa alasiri, paani. Kamba zilikuwa tupu isipokuwa shuka moja ya mtu, nayo tukaisogeza mbali.

Kizibuo sikuwa nacho. Wachira alipinda waya wa chuma huko kwake Kariobangi akaniletea, lakini kizibo kilikuwa kimechoka, nusu ikatoka na nusu ikatumbukia. Ilibidi tupitishe kwenye kichungi cha chai. Usishtuke, ni kipya, hakijawahi kuona chai.

Rangi: niliweka glasi mbele ya ukurasa wa shajara yangu, na mistari niliiona yote. Katikati ni nyekundu ya tofali, pembeni inaelekea kuwa ya vitunguu vilivyokaangwa. Si ya maji, Baba. Ni kitu kilichokonda.

Harufu, mara ya kwanza: vumbi, na machicha ya busaa yaliyochujwa yakaanikwa mpaka yakakauka, yale ambayo kuku hupigania. Harufu, baada ya kungoja: tamu kidogo, kama zambarau zilizoanguka chini na kukanyagwa. Mdomoni: mwepesi, hauna uzito hata wa chai. Uchachu wake unauma meno ya mbele. Haukai sana, lakini ukienda unaacha kitu, kama mtu aliyepita ukumbini na mlango bado unatikisika.

Si siki. Nakuhakikishia. Glasi ya mwisho, jua lilipoanza kwenda, ilikuwa imeanza kugeuka, lakini hiyo uliniambia mapema.

Meneja alisema miaka miwili. Imekuwa kumi na mitano.

Hilo lingine uliloniuliza nitakuandikia nikipata nafasi.

Mwanao,
Njoki


Naivasha
Jumanne, 29 Aprili 2025

Kwako Njoki,

Barua yako nimeisoma Ijumaa, nikaisoma tena Jumapili baada ya kanisa, na leo nimeamua kujibu.

Aliyekunywa mvinyo huu si wewe.

Tangu ulipokuwa mdogo, kitu kichachu hukufinya nyuma ya masikio. Ukila ndimu ulikuwa unashika masikio yako kwa mikono miwili, na mama yako alikuwa anacheka. Sasa umeandika meno ya mbele. Tena busaa. Pale kwenye kambi ya wafanyakazi ziwani palikuwa na watu wa kila kabila, ndiyo, lakini mama yako hakukuruhusu kupita karibu na nyumba iliyopika pombe. Wewe hujui machicha ya busaa yakikauka yananuka vipi. Aliyeandika hayo anajua, tena anajua mpaka na kuku.

Kwanza nilifikiri ulipata siki ukanionea huruma, ukaenda kutafuta maneno mazuri kwa mtu. Kisha nikafikiri umeokoka kwenye haya makanisa ya ghorofani, ukaona haya kugusa chupa ya baba yako, ukaimwaga. Nimefikiri na mengine mabaya zaidi ambayo sitayaandika.

Nami kuna jambo nilikuficha. Daktari hakunikataza chochote. Tangu wanikate koo napumua kwa hili tundu la shingoni. Hewa haipandi tena puani. Kahawa, moshi, mvua ikigonga vumbi, vyote viliondoka siku ileile niliyotoka hospitali. Naweza kunywa mvinyo, lakini itakuwa kama kunywa maji ya moto au ya baridi tu. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa tayari umelia kwa ajili ya sauti, nikaona hiyo yatosha.

Kwa hiyo sikukuagiza kazi ndogo. Niliazima pua yako kwa sababu yangu imekufa, na chupa ilikuwa moja.

Siandiki kwa hasira. Nataka kujua nani alikunywa mvinyo wangu, na kwa nini siyo wewe.

Ndung'u


Pipeline, Embakasi
Jumapili, 4 Mei 2025

Kwako Baba,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ofisi ya vifurushi, na sikuweza kuondoka hapo mpaka watu wakaanza kunipita kwa bega. Sikujua habari ya pua. Ningejua, nisingekuandikia vile.

Aliyekunywa ni Khavere, jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja kutoka Vihiga anayepika chapati hapa chini kwenye lango la jengo. Mimi sikunywa kwa sababu nina ujauzito wa miezi minne. Muuguzi wa kliniki alisema nisinywe hata tone. Hilo tumbo nililokuandikia mwezi wa tatu ndilo hili. Baba wa mtoto ni Wachira.

Sikukuambia kwa sababu wazee wake hawajafika kwako, na wewe ni mzee wa kanisa, na ulikuwa umetoka hospitali juzi. Nilitaka kwanza waje, ndipo ujue, ili mambo yaonekane yamekwenda kwa mpangilio wake. Halafu chupa ikafika.

Nitakuandikia ilivyokuwa, neno kwa neno, kwa maana usiku uleule niliyaweka kwenye shajara.

Nilimpa Khavere glasi. Aliishika kwa mikono miwili kama amepewa mtoto wa wenyewe.

"Njoki, hii si ndiyo ile ya padre?"

"Ni ya baba yangu."

"Baba yako ni padre?"

"Khavere, nusa kwanza. Uniambie inanuka nini."

"Inanuka pombe, dadangu. Ulitaka inuke uji?"

Nikamwambia asiniambie pombe, aniambie kitu cha kwao. Akafumba macho. Akabaki hivyo mpaka Wachira aliyekuwa ameshika kichungi akamuuliza kama amelala. Ndipo akasema habari ya bibi yake, na busaa, na machicha, na kuku. Sikuongeza neno hata moja juu ya yake, wala sikupunguza. Nilichobadilisha ni "yeye" kuwa "mimi". Nilijiambia kwamba ukweli wote umo ndani, ila jina.

Wachira hakupenda. "Si umwambie tu mzee," alisema. "Barua moja tu, halafu mimi nifuate na wazee wangu." Nikamwambia hali yako. Akasema, "Walikata koo, Njoki. Hawakukata masikio." Nilimnunia mpaka siku ya pili.

Kuna jambo jingine, nalo sikuliandika kwa sababu barua ilikuwa imeshafungwa. Wakati Khavere anakunywa mimi niligeuza uso upande wa Mukuru, upepo ulikotoka. Siku hizi pua yangu ni kali ajabu. Nanusa mafuta ya taa ya mtu wa ghorofa ya pili, na gundi ya Kariokor naihisi nikiwa bado ng'ambo ya barabara. Niliogopa nikinusa nitatamani, nami sitakiwi. Lakini Jumatatu, nilipomaliza kukuandikia, nilikwenda kuosha glasi. Ilikuwa imekaa kwenye sinki tangu jana yake, imekauka, ina duara la rangi ya kutu chini. Glasi tupu haina pombe. Nikainusa.

Haya ndiyo niliyoandika, Baba, na haya ni yangu:

"21 Aprili. Glasi tupu. Kwanza ngozi, lakini si ya kazini, ya zamani, kama ndani ya mkoba wa Biblia. Kisha majani ya chai yaliyokwisha kupikwa. Mwisho gunia. Gunia la katani lililofuliwa likaanikwa kwenye seng'enge jua kali. Nimenusa tena kuhakikisha. Ni gunia. Nimesimama hapa kwenye sinki natazama ukuta, namwona mama akikung'uta kitu uani, na mimi niko chini ya maji yanayoruka."

Sijui kwa nini mama alikuja hapo. Naandika tu kilichokuwa.

Chupa ilijibu, nami sikuwa na mdomo wa kuisikiliza. Nilikupa masikio ya Khavere na kukuambia ni yangu. Ukitaka kukasirika, kasirika. Lakini jua kwamba mvinyo haukumwagwa, na haukuwa siki.

Njoki


Naivasha
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwako mama,

Nilikaa na barua yako siku mbili kabla ya kushika kalamu. Siku ya kwanza ilikuwa ya mtoto, ya pili ikawa ya gunia.

Kuhusu mtoto. Sikufurahi kwamba nimejua baada ya mpika chapati na kichungi cha chai. Mpangilio unaoutaja ungeanza kwa kuniambia. Lakini huyo Wachira maneno yake ni ya kweli. Masikio ninayo. Mwambie aje na wazee wake Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, wasingoje mpaka tumbo ligonge mlango kabla yao. Wasilete pombe. Walete asali, tutaikoroga kwa maji. Unajua desturi yetu: baba hagusi kinywaji kilicholetwa mpaka amemuuliza binti yake mbele ya watu kama anywe, na binti akaonja kwanza. Mimi sina sauti ya kuuliza. Nitaandika swali kwenye karatasi na kuishika juu ili wote waione. Wewe utajibu kwa mdomo, kisha utaonja, kisha utaniambia asali hiyo inanuka maua gani. Usimwite Khavere akusaidie, ingawa aje, nataka kumwona.

Kuhusu gunia. Jioni tuliyochuma, mvua ilikuja kabla makreti hayajaingia ndani. Sikuwa na turubai. Nilifunika zabibu zote kwa magunia, zikalala hivyo hadi asubuhi. Meneja alikuwa amekataza magunia karibu na zabibu, alisema huacha harufu, na alikuwa na haki. Alipoonja kutoka kwenye pipa alinusa muda mrefu, nilikuandikia hivyo, akaniuliza, "Kuna kitu hapa. Ni nini?" Nikasema sijui. Basi akatafuta kosa la mvinyo kwenye wepesi wake.

Magunia yale yalikuwa ya viazi, machafu. Mama yako ndiye aliyeyafua siku mbili kabla, yote, kwa mikono, akayaanika kwenye seng'enge ya uani. Aliyaona mawingu kabla yangu. Ulikuwa mdogo wa kutosha kukimbia chini ya maji akiyakung'uta, na unakumbuka bila kujua unakumbuka nini.

Jambo hili tulikuwa tunalijua yeye na mimi. Yeye hayupo, na mimi sikumwambia mtu. Kwa hiyo ninajua umenusa mvinyo ule na si mwingine. Ulikuwa mwepesi kweli, meneja hakukosea. Lakini uliishi, na nilichokuwa naogopa kwamba kimeuharibu ndicho kilichobaki mpaka kwenye glasi kavu.

Nimepata jibu langu. Sitauliza tena habari ya 2010.

Limebaki dogo. Ni udadisi tu wa mzee. Muulize Khavere: kwa bibi yake huko Vihiga, machicha ya busaa yalikuwa yanaanikwa juu ya nini? Usimwambie kwa nini unauliza.

Baba yako,
Ndung'u


Pipeline, Embakasi
Jumamosi, 17 Mei 2025

Kwako Baba,

Wachira amekubali siku hiyo. Wazee wake watatu watakuja, na asali imeshatafutwa. Tangu juzi anafanya mazoezi ya kukaa kimya, maana nimemwambia mkwe wake hazungumzi na yeye asijaze nafasi yote.

Khavere atakuja. Ameuliza avae nini mbele ya padre.

Nilimuuliza jana, akiwa anageuza chapati, foleni ikiwa ndefu. Sikumwambia sababu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji huchotwa kwa chombo gani.

"Juu ya gunia," akasema. "Kwani wewe ungeanika wapi, kitandani?"

Glasi bado sijaiosha. Nitaibeba ikiwa imelala.

Mwanao,
Njoki